Sauti ya Mwosha Maiti

Watu wa Magadini hawakumchagua Hamdun Munga kwa sababu alijua siasa. Walimchagua kwa sababu aliwaosha wazee wao.

Magadini iko mwisho wa wadi, ukishaipita Jomvu Kuu, pale lami inapokata tamaa na njia kugeuka mchanga, mikoko upande huu na mashamba ya mihogo upande wa pili. Mwanamume akifa huko, kabla hajatafutwa wa kuchimba kaburi, hutafutwa Hamdun. Ndiye aliyejua maji yawe na uvuguvugu kiasi gani, taya lifungwe vipi, karafuu maiti itiwe wapi. Na lolote aliloliona juu ya mwili wa mtu, kovu au aibu, lilizikwa pamoja na mwenyewe. Wagombea wengine waligawa unga na leso. Watu wakaula unga, wakajitanda leso, kisha wakampigia kura Hamdun.

"Mtu aliyetutazama tukiwa hatuna nguo na asiseme," Mzee Ruwa aliwaambia wenzake barazani, "huyo hata ukimpa funguo za pepo haibi."

"Ataiba nini, Mzee Ruwa? Sanda?" mmoja akamtania, na baraza zima likacheka.

Tena alikuwa na sauti. Jeneza likitoka, ndiye aliyeongoza tahlili, na wachimba kaburi walio mbali wakiisikia walijua maiti amekaribia. Hamdun hakuwahi kujua kusema polepole.

Shule aliiacha darasa la sita, akairudia utu uzimani katika masomo ya jioni, akiketi na wanawake wauza viazi na makuli wa bandarini, hata akapata cheti cha kumwezesha kugombea. Lakini Kiingereza cha ripoti za bunge la kaunti kilibaki kwake kama samaki mwenye miiba mingi: alikila kwa woga, na mara nyingi alikiacha sahanini.

Muhula wa kwanza aliwaletea taa ile kubwa ya mlingoti, mulika mwizi, na zahanati yenye kuta zisizo na paa. Hawakumlaumu. Walichomwomba kilikuwa kimoja tu. Magadini haikuwa na hati. "Hatuna hati, tuna makaburi," walizoea kusema, maana makaburi ndiyo yaliyoonyesha kwamba babu zao walikuwapo. Basi Hamdun alisimama katikati ya makaburi hayo, akaahidi mbele ya Mungu na watu: "Nitawazika hapa, na mimi mtanizika hapa." Wakamrudisha kwa muhula wa pili.

Kuna jambo ambalo mtu wa mbali huenda asilifahamu. Mwakilishi wa wadi kwetu anaweza kukosa vikao mwezi mzima, asiulizwe. Akikosa maziko mara moja, jina lake limeoza. Hamdun alilijua hilo kuliko wote.

Mzee Ruwa alifariki alfajiri, siku ya kikao. Maziko yangekuwa baada ya alasiri, na jamaa wakasema hawamtaki mwoshaji mwingine. Hamdun aliingia bungeni adhuhuri kuaga tu. Mlangoni akakutana na Gedion, kiranja wa chama chao, mtu wa bara aliyekulia Changamwe, mwenye kazi ya kuhesabu vichwa.

"Unaenda wapi, mheshimiwa?"

"Nina maiti, Gedion. Ananingoja."

"Maiti hana haraka, mzee wangu. Sisi ndio wenye haraka. Ukitoka wewe, idadi haifiki, kikao kinavunjika."

"Kuna nini leo?"

"Ripoti ya ardhi. Yale mashamba ya chumvi ya zamani, yawe yadi ya makontena. Vijana wako watapata kazi. Kaa kidogo, sema ndio, kisha nenda ukazike."

"Mpaka wake unafika wapi?"

Gedion alikuwa ameinamia simu yake. "Unafika pale pale ulipofika siku zote."

Hilo halikuwa jibu, na Hamdun alijua. Ripoti ilikuwa mezani mbele yake, nene kama mkate wa mofa. Angeweza kuifungua. Lakini alifikiria maji yanayopoa, na taya la Mzee Ruwa linalokakamaa, na tena, Mungu ndiye ajuaye moyo wa mja, aliona haya kumuuliza kiranja maana ya maneno mbele ya watu. Spika alipowataka wanaounga mkono waseme ndio, sauti ya Hamdun ikatoka juu ya sauti zote.

"Taratibu, mheshimiwa," jirani yake akacheka. "Hapa si makaburini."

Alimwosha Mzee Ruwa vizuri, kwa mikono ya mtu anayemwosha babake. Wakamzika jua likiwa bado liko juu. Bi Sabah, mjane, alikuwa ndani ya eda na hakutoka, lakini alituma maneno kutoka chumbani: "Mwambieni Hamdun, Mwenyezi Mungu amlipe. Ameacha bunge akamjia mume wangu. Na mniwekee nafasi ubavuni pake." Hamdun mwenyewe akaipima nafasi hiyo kwa hatua zake, akachomeka jiwe la matumbawe kuwa alama.

Mvua za masika hazijaanza, wakaja watu na vigingi vya chuma vyenye rangi nyekundu. Walipima kutoka mashamba ya chumvi, wakashuka, wakayapita makaburi hadi kwenye kisima cha msikiti. Kigingi kimoja kilisimama kati ya kaburi la Mzee Ruwa na lile jiwe.

Jioni hiyo baraza ya Hamdun ilijaa.

"Mheshimiwa, nani ametuuza?"

"Nitafuatilia," alisema.

Asubuhi yake akamfuata Gedion ofisini. "Uliniambia mashamba ya chumvi."

"Ndiyo. Na makaburi yako kati ya chumvi na barabara. Lori zingepita wapi, hewani?"

"Ulijua?"

Gedion aliweka simu yake mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na alisema kama mtu aliyechoka. "Mimi kazi yangu ni idadi. Wa kuuliza ni wewe. Ni kwenu."

"Nitaleta hoja tuibatilishe."

"Ilete. Lakini utasimama useme nini? Kwamba hukujua ulichokiunga mkono? Watu wako watasikia. Sasa hivi hakuna anayejua nani alisema nini. Sauti ya ndio haina jina, mzee wangu."

Hamdun aliileta hoja. Aliandikiwa maneno mazuri kuhusu haki ya wenyeji na heshima ya wafu, ila ile sentensi moja iliyokuwa ya kweli kuliko zote hakuitia. Siku ya hoja, wenzake walinyanyuka mmoja mmoja, huyu kwenda kupokea simu, yule kwenda msalani, hata Spika alipohesabu vichwa, vikawa havitoshi. Akaileta tena. Ikawa vile vile. Mara ya tatu karani wa bunge alimshika mkono kwa upole, akamwambia aipumzishe.

Basi Bi Sabah akatoka eda. Neno lake la kwanza nje ya nyumba alilisemea uani mwa msikiti, mbele ya Ustadh Ahmad, imamu.

"Asomewe Halbadiri," alisema.

 Halbadiri si dua ya mchezo. Hutajwa majina ya mashujaa wa vita vya Badri, na mkosaji asiyejulikana akakabidhiwa kwa Mungu amwumbue au amwangushe.

"Bi Sabah," Ustadh Ahmad alisema, "hiyo ni moto. Kuna wanavyuoni wanaoikataza. Na ikitoka mkononi huwezi kuiambia imwunguze huyu imwache yule. Unamtaka nani?"

"Mimi simjui nimtakaye. Mungu anamjua."

Ustadh hakupenda, ila alikuwa imamu wa watu waliokuwa wakinyang'anywa kisima cha kutawadhia. Baada ya Ijumaa akatangaza kwamba aliye na mkono wake katika jambo lile ajitokeze, asamehewe. Asipojitokeza, atasomewa Alhamisi baada ya alasiri. "Na chetezo cha ubani atakishika mheshimiwa," akaongeza, "kwa kuwa yeye ndiye mdomo wetu."

Hamdun alirudi nyumbani, akamkuta mkewe Hafswa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akaketi kizingitini.

"Hafswa, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Akamweleza yote: kikao, maiti, swali lisilojibiwa, na ile ndio aliyoitoa. Hafswa aliacha kukuna. Kisha akaendelea, taratibu.

"Nani mwingine ajuaye?"

"Gedion."

"Gedion hana haja ya kusema."

"Na Mungu?"

"Mungu amejua tangu siku ile, na hajawaambia." Akageuza kifuu mkononi. "Sikiza, Hamdun. Ukisema, hawatakupiga. Watu wa hapa hawapigi. Watakuacha tu. Hapana atakayekuita kumwosha babake tena, na mimi nikifa hapana atakayeniosha. Na vigingi vitabaki palepale."

"Kwa hiyo niitikie amin juu ya kichwa changu mwenyewe?"

"Leta toba kabla."

"Toba ina sharti. Urudishe ulichokitwaa."

Hafswa alikitazama kifuu kilichobaki kitupu. "Basi huna toba," alisema, bila ukali, kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

Usiku huo Hamdun aliswali mpaka magoti yakauma. Alimwomba Mola ampe ulimi mwepesi. Jumatano alasiri akaenda kwa Bi Sabah, amwambie yeye kwanza kabla ya watu.

"Hodi. Shikamoo, Bi Sabah."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Tena umekuja vizuri, nilitaka ukione kitu." Akavuta kasha chini ya kitanda, akatoa sanda iliyokunjwa, nyeupe, inayonukia udi. "Nimeinunua mwenyewe nisimpe mtu tabu. Mimi siogopi kufa, Hamdun. Nilizoea kulala na Ruwa tangu ni mwari. Naogopa kulala na wageni."

"Bi Sabah, ile siku ya maziko..."

"Siku ile siisahau." Macho yake yakajaa. "Wengine husema viongozi wote ni wamoja. Mimi huwaambia, wangu mimi aliiacha serikali huko akaja kumfunga taya mume wangu kwa mikono yake. Ulitaka kusema nini, baba?"

Hamdun aliangalia sanda. "Nilitaka kukwambia tu kwamba siku ile maji yalikuwa mazuri," alisema. Akanywa maji aliyopewa, akaaga.

Alhamisi walikaa kwenye majamvi uani mwa msikiti, wanaume mbele na wanawake nyuma ya pazia. Hamdun alikuwa mbele ya wote, chetezo mkononi. Ustadh Ahmad alisoma majina, jina baada ya jina, na ubani ukampanda Hamdun machoni, hata waliomwona akilengwalengwa na machozi wakasema ni moshi. Majina yalipokwisha, Ustadh akainua mikono.

"Ewe Mola, aliyeitoa ardhi hii ya waja wako, mkubwa kwa mdogo, aliye mbali na aliye hapa, tumemkabidhi kwako."

Hapana aliyeitikia.

Haikuwa kwamba watu hawataki kuitikia. Miaka yote katika kila dua na kila maziko walizoea kuifuata sauti moja. Ilikuwa haijatoka, basi zao nazo zilikuwa zimesimama, kama kondoo kwenye mlango ambao kiongozi wao hajaupita. Hamdun aliona Ustadh anamtazama. Nyuma ya pazia, mwanamke mzee akakohoa. Koo ya Hamdun ilikuwa kama imezibwa na pamba ya maiti. Alijua kwamba lile ndilo tundu la mwisho aliloachiwa: angeweza kuweka chetezo chini na kusema maneno mawili, ni mimi.

"Amin," akasema.

"Amin," uwanja wote ukaitikia.

Alirudi nyumbani akatawadha, akalala chali kama alivyowalaza wengine, akangoja. Kukapambazuka. Alikuwa mzima. Wiki ikapita, yu mzima. Ramadhani ikaingia, akafunga yote. Mpaka hamu ya kula ikamrudia, na hilo lilimwogopesha kuliko homa.

Aliyeanguka ni Gedion. Alianguka ngazini, upande mmoja wa mwili ukafa. Habari ilifika Magadini kabla ya magharibi, na hapo ndipo Hamdun alipoona furaha ambayo hajapata kuiona hata siku ya ushindi wake.

"Imemkamata," watu walisema. "Wallahi imemkamata kiranja. Nilijua mimi, yule si mtu wa huku."

"Mdomo umekwenda kando, yakhe. Mdomo ule ule uliotuuza."

Walikuja kwake wakampa mkono, wakamshukuru kwa kushika chetezo. Kila mkono alioupokea ulimfunga kamba nyingine.

Alikwenda kumtazama mgonjwa Changamwe, nyumbani kwake ghorofani. Mkewe, Lynnette, alimfungulia mlango na kumpa kiti, lakini hakumpa chai. Gedion alikuwa amelala karibu na dirisha, na ilimchukua muda kuyakusanya maneno.

"Watu wako," alisema, "wanasema ni wao."

"Presha alikuwa nayo kitambo," Lynnette alisema. "Dawa alikuwa anaziruka. Sisi ni watu wa maombi, mheshimiwa, hatuogopi kitu cha kusomwa. Lakini binti yetu anaambiwa shuleni babake ni mwizi wa makaburi. Hilo ndilo linaniliza. Uliza huyu mume wangu hayo makaburi alikuwa anayajua hata."

Gedion alimtazama Hamdun kwa jicho lililobaki na nguvu.  

"Waambie watu wako," Lynnette akasema. "Ni hilo tu."

"Nitawaambia," Hamdun alisema, na aliposema alikuwa amekusudia kweli. Alikusudia iwe Ijumaa iliyofuata, kisha Ijumaa ya baada yake. Kisha zikaja mashine, zikang'oa minazi, na watu wakahitaji mtu wa kusimama nao kando ya njia, akasimama. Ukuta ukapanda. Kisima kikawa ndani, makaburi yakawa ndani, na kontena zikapangwa juu ya kontena hata msikitini jua la asubuhi likawa linachelewa. Gedion alibaki kitandani na jina lile, na Magadini hawakulitafuta jina jingine.

Bi Sabah hakufika mwaka. Alikufa katika siku za joto, na wanawake wakamvika sanda ile aliyoinunua. Jeneza lilipotoka, Hamdun alidhani wataelekea barabara kuu, maana kila mtu alijua ukuta uko wapi. Lakini waliobeba walielekea langoni mwa yadi, na hapo akafahamu kwamba wanamtegemea yeye.

Simu ilitetemeka mfukoni. Kiranja mpya alitaka kujua kama mheshimiwa atafika saa nane. Idadi ilikuwa haitoshi. Akaizima, akamwendea askari wa lango.

"Salaam aleikum. Tuna maiti. Mumewe yuko humo ndani, hapo nyuma ya safu ya pili. Nafasi yake ilishapimwa."

"Poleni sana," askari alisema. Alikuwa mtu mzima, na alivua kofia alipoliona jeneza. "Kibali mnacho?"

"Mimi ni mwakilishi wa wadi hii."

"Nakujua, mheshimiwa. Hata babangu ulimwosha wewe. Lakini nikifungua lango hili, kesho mimi sina kazi." Akashusha sauti. "Na hata nikifungua, hamtamwona. Pale wamemwaga zege."

 Mbele ya macho yake Hamdun aliliona jiwe la matumbawe, na hatua zake mwenyewe mchangani. Kisha akarudi kwa watu, akatikisa kichwa. Hawakumlaumu. Mmoja alimgusa bega. "Umejitahidi, mheshimiwa. Mungu amekuona."

Wakageuka. Njia ya kwenda makaburi mengine ilivuka barabara kuu ya Nairobi, malori yakipiga honi, madereva wengine wakizima injini kwa heshima na wengine wasizime. Hamdun alipokea zamu yake ya kubeba, akaongoza tahlili, na sauti yake ikapita juu ya malori. Huko walikokwenda palikuwa na udongo mwekundu na makaburi ya watu wasiowajua, waliokuja mjini kutafuta kazi. Wapwa zake Bi Sabah wakamshusha, wakamgeuza kibla. Upande wa kulia alikuwa mgeni, upande wa kushoto mgeni.

Udongo ulipokwisha kufukiwa, Ustadh Ahmad aliomba maghufira kwa marehemu. Alikuwa amezeeka mwaka ule. Alinyamaza, akaonekana anataka kumaliza, kisha akainua mikono tena.

"Na aliyetufikisha hapa, ewe Mola, usimwache."

Watu walingoja. Hamdun naye aliingoja koo yake izibe, kama ilivyoziba siku ile ya chetezo. Karibu aiombe izibe.

Haikuziba. "Amin," akasema, na ikatoka nyepesi, safi, ikasikika hadi barabarani.